Sefu Isiyoshika Moshi

Nianze na ndimu, maana bila ya ndimu hamtoelewa kwa nini nilitumikia kazi yangu yote nikiwa chini ya onyo la mwisho.

Siku ya kwanza, kabla hata sijaonyeshwa choo kilipo, Mama Wanjiru aliniambia ning'arishe vishikio vya shaba vya mlango mkubwa, kisha akaenda kupokea simu. Aliniachia kitambaa na kopo la dawa. Nikalitazama lile kopo nikalidharau. Kwetu Unguja shaba haing'arishwi kwa kopo. Sinia, birika na njumu za mlangoni husuguliwa kwa ndimu na chumvi, na bibi yangu akimaliza na sinia lake unaweza kuchania nywele mbele yake. Basi nikavuka barabara, nikanunua ndimu na chumvi dukani, nikarudi nikasugua kama mtu anayelipwa kwa jasho. Ile shaba ilitoa macho. Nikajipongeza kwa sauti, maana hapakuwa na mtu mwengine wa kunipongeza.

Tatizo la ndimu ni kwamba hutiririka. Chini ya ule mlango pana kizingiti cha marumaru cheusi, kimesuguliwa na miguu mpaka kikawa laini kama sabuni. Juu yake palibaki michirizi myeupe, kama mtu kamwaga maziwa akakimbia. Nikatia maji, ikazidi kuonekana. Nikafikiria kukikalia mpaka saa ya kufunga.

"Kijana," Mama Wanjiru akasema aliporudi. Sauti ilikuwa chini kabisa. Baadaye nilikuja kujua kwamba sauti yake ikishuka ndipo pa kutafuta pa kujificha. "Hii ni nini?"

"Ndimu, Mama."

"Ndimu?"

"Na chumvi kidogo."

"Hiyo ni marumaru, kijana, si samaki! Nani alikuambia hapa tunakaanga mlango?"

Akanieleza kwamba ndimu inalila jiwe lile, na kwamba michirizi haitoki tena. Jengo zima limeandikwa serikalini kuwa la kale. Hata ukitaka kupiga msumari lazima uombe ruhusa. "Hiyo kizingiti," akasema, "imekanyagwa na watu miaka mia na zaidi. Iliponea mabomu ya vita. Wewe umeimaliza na tunda. Kosa lingine moja tu, unaenda nyumbani, hata mama yako akuje hapa na machozi."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Sasa nimestaafu. Nina miaka kumi na saba, mitihani iko mlangoni, na mama amenistaafisha bila ya sherehe wala saa ya ukutani. Nyinyi wawili mnaorithi kazi na fulana yangu ya buluu, Mama Wanjiru aliniomba niwaandikie kanuni za kazi, ukurasa mmoja. Atapata hiki. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nyote wawili mnakisikia vizuri sana, isipokuwa mnapoitwa kuosha vyombo. Habari za mshahara sizitaji, maana mkijua mtalia. Cheo sikupandishwa, nilipandishwa ngazi tu, kubadilisha taa.

Jengo mnalijua kwa nje: lile la mawe la pembeni mwa barabara ya maduka hapa Ilford, ambalo mlango wake umekatwa kwenye kona kama keki iliyotangulia kuonjwa. Lilijengwa kuwa benki, enzi ya yule malkia mwenye sanamu kila bustani. Benki ilishahama. Siku hizi ni ukumbi wa kukodi: asubuhi ya Jumamosi mabibi wa Kizungu wanafanya mazoezi wakiwa wamekaa vitini, mchana siku za kuzaliwa, jioni harusi, Jumapili Wakongo wanasali mpaka kuba la vioo linatetemeka. Mama Wanjiru ndiye msimamizi. Alikuwa nesi miaka mingi, na bado anaposhika kamba ya pazia unahisi anatafuta mshipa wako.

Kazi ni kupanga viti na kuvipangua. Zana ni ufagio, brashi laini ya kufutia vumbi mapambo ya ukutani, na fimbo ndefu yenye ndoano ya kufungulia vidirisha vya kwenye kuba. Msipigane kwa ile fimbo. Mimi nilipigana nayo peke yangu, na bado ilinishinda.

Lakini kazi hasa ni kujua kipi ni kipi, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa, na sijachanganyuka mpaka leo. Wiki za mwanzo nilitembea mle ndani kama mgeni aliyeambiwa "jisikie nyumbani" na hajui kiti gani kinavunjika. Nguzo za ukumbi zina mishipa ya kijani na nyekundu, marumaru tupu, nikawa nazizunguka kwa mbali kwa woga wa ndimu. Mama Wanjiru akacheka.

"Weka shavu," akaniambia.

Nikaweka shavu.

"Ni baridi?"

"Si baridi."

"Sasa weka kwa kizingiti."

"Nilale chini?"

"Wewe uliichoma, ilalie."

Nikalala kifudifudi mlangoni, watu wanapita, shavu juu ya jiwe. Baridi ya kukata meno. Basi hiyo ndiyo kanuni: jiwe la kweli linaiba joto lako, la uongo linakuacha nalo. Zile nguzo ni plasta iliyopakwa rangi na fundi hodari kuliko maadili yake. Milango ya mbao nyekundu ni mbao rahisi iliyochorwa ikafanana na ya ghali. Darini pananing'inia matunda ya plasta, na mie niliyeondoka Unguja nikiwa darasa la nne nikaja kukuta mananasi juu ya vichwa vya Waingereza. Upande wa kulia kuna madirisha matatu. La mwisho halijawahi kuwa dirisha.

"Sasa nyuma yake kuna nini?" nikauliza.

"Ukuta."

"Na nyuma ya ukuta?"

"Choo."

"Kwa nini waweke dirisha?"

"Huyo alijenga alitaka huku kufanane na kule."

"Na mtu akitaka kulifungua?"

"Kijana, fagia."

Nikawa najiuliza: benki, mahali pa watu kuja kuweka amana zao, mbona imejengwa kwa uongo mtupu? Mama Wanjiru anasema watu wa wakati ule walikuwa hawaamini benki, ndiyo maana ikabidi ijipambe kama kasri. Sikuelewa. Kama huniamini, nikikuonyesha nguzo ya uongo ndo utaniamini?

Kitu kimoja nilichoamini moja kwa moja kuwa ni pambo ni wale simba. Wapo wanne, vichwa vya plasta, ukutani kati ya nguzo, usawa wa uso wangu, midomo wazi kama wanangoja kutibiwa meno. Mimi nina tabia: nikiona mdomo wazi, naulisha. Wa nne, yule wa karibu na ngazi, nikamfanya pipa langu la siri. Maganda ya pipi, karatasi za kripsi, mara moja soksi ya mtoto iliyosahauliwa kwenye sherehe. Kila nilichomtia kilipotea, na hakushiba. Hapo nilipaswa kujiuliza. Sikujiuliza.

Sasa nije kwenye harusi.

Nyumbani tuko watatu: mama, dada yangu Da Zuwena, na mie. Da Zuwena alichumbiwa na kijana mmoja wa Kimombasa, mpole, ana kazi Glasgow, kwenye baridi ambayo hata Waingereza wanailalamikia. Mama akaja kuutazama ukumbi kwa ajili ya shughuli ya kupamba. Kwa wale mliozaliwa huku mkasahau: shughuli ile ni ya wanawake watupu. Wanavua mabaibui, wanaimba, wanacheza, bi harusi anakaa kwenye kiti chake amepambwa. Mwanamme, hata awe wa tumbo moja na bi harusi, anabaki nje akilinda viatu.

Mama akasimama katikati ya ukumbi, akatazama kuba, nguzo, mananasi. Akapendezwa. Halafu basi la ghorofa likasimama kituoni nje, na abiria wa juu wote wakatutazama kupitia yale madirisha ya kweli. Mmoja akapunga mkono.

"Hapa ndo watu watavua mabaibui?" mama akauliza.

"Tunaweza tafuta pazia, Mama Zuwena," Mama Wanjiru akasema.

"Pazia la ukubwa huo litatundikwa wapi?"

"Hapo sasa. Msumari hairuhusiwi."

Mama akawa anakunja pochi yake, dalili ya kuondoka. Ndipo nikamwambia kuna chumba chini. Tukashuka. Chini ya ukumbi ndipo ilipokuwa hazina ya benki; sisi tunapaita sefu. Ni chumba cha matofali, kikubwa kama madarasa mawili, dari yake imeviringwa kama tumbo la pipa, na mlango wake wa chuma ni mnene kuliko godoro langu. Kitasa kilitolewa zamani ili asifungiwe mtu. Mama alipouona ule mlango, uso ukamfunguka.

"Hakuna dirisha?"

"Hata moja."

"Mtu hawezi kuchungulia?"

"Mama Zuwena, huku hata wezi walishindwa."

"Basi ndo hapa hapa."

Da Zuwena akacheka. "Mama ananiweka sefuni!"

"Wee dhahabu yangu," mama akasema, "nikuweke wapi pengine?"

Mama Wanjiru akakohoa. "Kuna kitu moja. Hii chumba haijulikani kama inapumua. Nimetumia ya kuweka viti tu. Kwa watu wengi, lazima mkaguzi wa majengo akuje aseme kuna hewa. Akisema hakuna, nafunga mlango, na mimi sina la kufanya."

Mama akasema Mungu atajaalia, akaenda nyumbani akagawa kadi za mwaliko. Msinicheke mie tu katika familia hii. Kadi zikafika Leicester, zikafika Milton Keynes, shangazi zangu wakakata tiketi kutoka Maskati, na chumba bado hakijathibitishwa kuwa kina hewa. Kumbi nyengine zote tulizouliza zilikuwa zimeshachukuliwa. Da Zuwena akaacha kula. Alikuwa anakaa kitandani na simu, anatazama picha za ule mlango wa chuma.

Siku ya ukaguzi ilikuwa Jumamosi. Asubuhi mama akaniita jikoni akanipa mfuko: chetezo, makaa, na kopo la udi wake wa sukari, ule anaoupika mwenyewe na kuuficha juu ya kabati.

"Chumba kile kina harufu ya uvundo," akasema. "Mkaguzi akiingia akikuta uvundo atasema hakuna hewa. Kafukize. Vipande viwili tu, Sele. Viwili. Kisha utoe chetezo nje."

"Sawa, mama."

"Nimesema vingapi?"

"Viwili."

Mama Wanjiru alikuwa juu, anawapangia mabibi viti vyao. Nikashuka sefuni, nikawasha makaa, nikatia vipande viwili. Moshi ukapanda vizuri, wa buluu, unanukia Eid. Ukafika darini. Ukaondoka.

Nikatazama. Sefu haina dirisha. Mlango niliurudisha. Moshi ule ulikwenda wapi? Nikatia viwili vingine. Ukapanda, ukajikunja kwenye ile dari ya pipa, ukaingia kwenye vibamba vya chuma vyenye vitundu-vitundu vilivyoko juu ya ukuta, vile ambavyo sote tulidhani ni urembo, ukatoweka. Nikatia vinne. Chumba kinakula tu, kama simba wangu. Hapo ndipo nilipopandwa na ubishi. Nikasema haiwezekani mie Suleiman nishindwe na chumba. Nikamimina kopo lote.

Yaliyotokea juu nayasimulia kama nilivyohadithiwa, maana mie bado nilikuwa chini nabishana na ukuta. Mabibi walikuwa wameinua mikono, mwalimu wao anahesabu. Simba wa kwanza akaanza kuvuta sigara. Mwanzo uzi mmoja tu, kisha mdomo mzima. Wa pili akafuata. Wa tatu akatoa moshi mzito wa mzee aliyeachwa peke yake na shisha. Bibi mmoja akasema, kwa utulivu wa watu wale, "Samahani, huyu simba alikuwa hivi siku zote?" Ndipo king'ora kilipolia.

Tukatoka wote barabarani. Mabibi na viti vyao, Mama Wanjiru na orodha ya majina mkononi, mie na chetezo chini ya fulana, kinaniunguza tumbo. Gari la zimamoto likaja na makelele yake yote. Barabara nzima ya maduka ikanukia harusi. Mwanamke mmoja aliyeshika mfuko wa bamia akasimama akavuta pumzi akauliza nani anaolewa. Bibi mmoja wa mazoezi alitaka kujua manukato yale yanauzwa wapi.

Wakati huo akaja mzee mmoja wa Kihindi, mfupi, mkoba mkononi, akasimama analitazama jengo kichwa kikiwa upande.

"Mama Wanjiru," nikanong'ona kwa Kiswahili, "kama huyu kibabu ndo mkaguzi, mwambie arudi kesho. Mwambie tumekufa."

"Poleni na msiba," yule mzee akasema. "Mimi Kirit. Mtoto wa Tanga."

Nikatamani ule moshi unichukue na mie.

Mama Wanjiru hakunifokea. Sauti yake ilikuwa chini kiasi kwamba nilisoma midomo. "Iko wapi?" Nikatoa chetezo. Ofisa wa zimamoto, mwanamke mrefu aliyevaa helmeti, akakitazama, akanitazama mie, akatazama mabibi wanaopiga chafya kwa furaha. Akauliza kwa Kiingereza ni ibada ya namna gani. Nikamwambia ni usafi.

Tulipoingia tena, Bwana Kirit hakwenda kwa ofisa wala kwa Mama Wanjiru. Alikwenda moja kwa moja kwa simba wa kwanza, akatia pua yake ndani ya mdomo wa simba, akavuta pumzi, akafumba macho.

"Udi wa sukari," akasema. "Jirani yetu Ngamiani alikuwa anapika huu." Kisha akafumbua macho, akawa mkaguzi. "Moto ulikuwa wapi?"

"Chini, sefuni."

"Na moshi ulitoka hapa, na hapa, na hapa." Akafika kwa simba wa nne. "Na huyu?"

Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Huyu hakutoa moshi?"

"Huyu..." nikasema. "Huyu ameshiba."

Ikabidi nieleze. Bwana Kirit akatia koleo refu mdomoni mwa simba akaanza kuchomoa: ganda la pipi, karatasi ya kripsi, nyengine, nyengine, soksi. Akazipanga juu ya kaunta ya benki mbele ya Mama Wanjiru, kama daktari anayeonyesha mawe aliyotoa kwenye figo. Mama Wanjiru alisema neno moja la Kikikuyu. Sikuuliza maana yake.

Halafu Bwana Kirit akatueleza, na hapa msome polepole, mie mwenyewe nilimrudisha mara tatu. Makarani wa benki walikuwa wanafanya kazi ndani ya ile sefu kutwa nzima. Aliyejenga hakutaka wafe. Akapitisha njia za hewa ndani ya kuta, kutoka vile vibamba vya chini mpaka juu ukumbini, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mapambo, akazimalizia kwa vichwa vya simba. Kwa hiyo sefu ina hewa. Ina hewa kuliko chumba changu.

"Basi harusi ipo!" nikapiga kelele.

"Haipo," akasema ofisa wa zimamoto alipotafsiriwa. Njia inayopandisha hewa inapandisha na moto. Ukitokea moto chini, ukumbi wote unajaa moshi, kama alivyojionea. Zile njia lazima zizibwe.

"Zikizibwa," akasema Bwana Kirit, "chumba hakina hewa, na watu hawaruhusiwi."

"Zisipozibwa?" akauliza Mama Wanjiru.

"Chumba kina hewa, lakini kina hatari ya moto."

"Kwa hivyo kitu inaonyesha chumba ni nzuri, ndio hiyo hiyo inaonyesha ni mbaya."

"Sawasawa kabisa."

Mama Wanjiru akakaa kwenye kiti cha mazoezi. Mie nikawatazama wote watatu, wazima, wenye vyeti, na kwa mara ya kwanza sikujiona peke yangu katika kuchanganyikiwa.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho wake ulikuwa huu: njia zitaachwa wazi kwa sasa, mpaka zitengenezewe vifuniko vya kujifunga vyenyewe moto ukitokea. Watu wanaruhusiwa sefuni. Lakini ndani ya jengo zima hakuna moto wa aina yoyote. Si mshumaa, si kiberiti. Si makaa.

Mlioelewa mmeshashika kichwa. Harusi ya Kiunguja bila ya udi.

Niliipeleka habari nyumbani miguu ikiwa mizito. Da Zuwena akanitazama kama ambaye kesho hatakuwa na kaka. Mama alikuwa anachambua mchele. Aliendelea kuchambua.

"Kwa hiyo wamesema chumba au udi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na kopo langu?"

"Lote, mama."

"Nilisema vingapi?"

Nikatazama mchele.

"Shangazi zako watasema bi harusi kapambwa bila ya udi, kama maiti wa njiani," akasema. Da Zuwena akaanza kulia. Mama akauweka ungo chini. "Lakini udi ukishaingia nguoni unahitaji moto wa nini tena? Sele, wewe ndiye uliyemaliza kopo, wewe ndiye utakayekaa na mie kupika jengine."

Ikawa hivyo. Jumapili nzima nimekoroga sukari na udi jikoni, macho yanawaka, na kila nikitia mzaha mama ananipa mwiko mkubwa zaidi. Wiki ya harusi nyumba yetu ilikuwa kiwanda. Kila mwanamke aliyealikwa alituletea nguo zake, na sisi tukazitanda juu ya tundu la kufukizia, lile tenga linalofunika chetezo, kanga, magauni, mitandio, mpaka mapazia ya jirani wa juu yakaanza kunukia na yeye akaja kuuliza kama yumo kwenye mwaliko.

Kazini nako nilikuwa na adhabu. Mama Wanjiru hakunifukuza. Sijui kwa nini. Nilimuuliza akasema nifagie. Ila alinipa brashi na koleo, niwasafishe wale simba mpaka kooni. Nilikuwa na mkono mzima ndani ya yule wa nne niliposikia mtu anaimba tenzi za kanisani ndani ya kichwa cha simba. Nikaruka nyuma. Kumbe ni Mama Wanjiru, yuko chini anapiga deki sefuni. Njia ya hewa inapandisha moshi, na inapandisha maneno. Sikumwambia mtu. Nikaanza kuandaa mzaha: siku ya harusi, wanawake wakishajaa chini, nitanguruma mdomoni mwa yule wa nne mara moja tu, mngurumo wa simba dume, halafu nikimbie mpaka Barking.

Siku ikafika. Kazi yangu ilikuwa kupanga viti, kuwaelekeza wageni wa kwanza kwenye ngazi, kisha kujitoa. Mama na Da Zuwena walitangulia mapema, wakashuka sefuni. Mpambaji akaja, akapamba, akatoka kwenda kufuata maua kwenye gari. Ukumbi ulikuwa mtupu. Nikamsogelea simba wa nne, mdomo kwa mdomo, nikavuta pumzi ya kungurumia.

"Usilie, wanja utashuka." Sauti ya mama, karibu kama yumo ndani ya sikio langu.

"Silii."

"Unalia."

Kisha Da Zuwena: "Mama, nikishakwenda huko Glasgow, nani atakaa na wewe jikoni?"

"Sele yupo."

"Sele!" Akacheka kwa kilio. "Sele atakuchomea nyumba."

"Ataichoma," mama akasema. "Halafu atasimama njiani anichekeshe mpaka nisahau nyumba ilikuwa wapi."

Ile pumzi niliyoivuta ya kungurumia ilikuwa bado kifuani. Nilijaribu kuitoa kwa mngurumo. Haikutoka hivyo. Kilitoka kitu chengine, kidogo, cha aibu, nikakivuta haraka puani, mdomo ukiwa bado kwenye mdomo wa simba.

Chini pakanyamaza.

Nikarudi nyuma, nikashika brashi, nikaanza kufuta nguzo ya uongo kwa bidii kubwa. Nikasikia kanga za mama zikipanda ngazi. Nje, wanawake wa kwanza walikuwa wanashuka kwenye basi, na harufu yao ilishatangulia kuvuka kizingiti changu cha ndimu. Mama akasimama mbele yangu. Akamtazama simba, akanitazama mie, akanitengeneza kola ya fulana ya buluu, akasema:

"Simba wako ana mafua, Sele. Nenda kanawe uso, wageni wanafika."